Geuza Utazame Nyuma: Niliyojifunza kwa Kuchoma Enameli Nyumbani

Hereni za kwanza nilizompa mtu zilidumu siku nne. Nilimpa dada yangu mkubwa, vipande viwili vya mviringo vyenye rangi ya bluu, na nikamwambia kwa majivuno kwamba bluu ile ni enameli, kioo kilichoshikana na shaba kwa moto wa nyuzi 800 za sentigredi, hakibanduki mpaka Kiyama. Siku ya nne tulikuwa tumekaa tunacheka, akageuza kichwa kwa ghafla, kitu kikaanguka mezani kikalia tii. Nusu ya ile bluu ilikuwa imeondoka kwenye hereni ya kushoto. Akaiokota, akaitazama, akaniambia taratibu: "Mdogo wangu, labda Kiyama kimeshafika."

Tulicheka, lakini usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimeshamaliza miezi mitano kwenye kazi hii, nimeunguza vidole, nimetumia akiba, na kitu pekee nilichothubutu kumpa mtu kilikuwa kimebanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Nayaandika haya kwa ajili ya mtu ambaye bado yuko ndani ya miezi yake mitano.

Nilianza kwa kukosea hata jina la kitu chenyewe. Kuna bidhaa inayouzwa kwa jina la enameli baridi: vichupa viwili, unachanganya, unapaka, inakauka yenyewe. Nilinunua, nikatengeneza vishaufu kadhaa, nikajiona fundi. Ile si enameli. Ni resini, jamii ya plastiki. Ina kazi zake na sina ugomvi nayo, ila inakwaruzika upesi, na nyingi hugeuka manjano zikikaa juani. Mimi, kwa kutojua, nilichukua kishaufu kimoja cha resini nikakipiga moto ili "kikomae". Moshi wake ulinitoa chumbani nikikohoa, na kazi yote ikawa lami.

Enameli ya kweli ni kioo. Kimesagwa kikawa unga, kimetiwa rangi kwa oksidi za metali mbalimbali, na kinayeyushwa juu ya metali mpaka viwili hivyo vishikane. Ukiona bidhaa haihitaji moto wa nyuzi 750 hadi 850, jua unanunua kitu kingine. Ningeambiwa sentensi hiyo moja ningeokoa miezi miwili.

Kosa la pili nalilaumu lugha kidogo. Sisi shaba tunaiita shaba, iwe nyekundu au ya manjano, na muuzaji naye akikuuzia shaba amekuuzia shaba. Nilirudi na karatasi nzuri ya shaba ya manjano, inang'aa kama dhahabu, nikaona nimepata. Lakini ya manjano ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na zinki haielewani na kazi hii. Motoni inaisumbua enameli kwa chini: mapovu yanatokea, kioo kinashika kwa unafiki, kikipoa kinaachia. Nilichoma vipande saba kabla ya kushuku metali yenyewe, maana nilikuwa nimeshaushuku moto, rangi, gundi, mpaka mkono wangu. Tafuta shaba nyekundu safi, unene wa milimita 0.8 hadi 1. Nyembamba zaidi ya hapo inajipinda. Fedha safi ya asilimia 99.9 ni nzuri mno, lakini usijifunzie makosa kwenye fedha. Ile fedha ya kawaida ya masonara, yenye asilimia 92.5, ina shaba ndani yake, na ukiipasha moto hiyo shaba hujitokeza juu ikaweka doa la kijivu chini ya rangi yako. Kuna njia ya kuiandaa kwa kuipasha na kuiosha mara kadhaa mpaka juu ibaki fedha tupu, lakini hiyo si kazi ya mwezi wa kwanza.

Kwenye rangi nilifanya kama mtoto. Nilinunua aina 36 kwa mpigo, kwa sababu vichupa vilipangwa vizuri. Hadi leo natumia tisa. Nyingine zimekaa rafuni zinanisuta, na ndizo zilizokula sehemu kubwa ya akiba yangu, kuliko metali na vifaa vyote vya mkono. Anza na nyeupe, nyeusi, ile isiyo na rangi kabisa, na mbili au tatu unazozipenda. Uliza pia kama zina risasi. Enameli za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi na bado zinazunguka, hasa ukipewa mabaki ya fundi aliyeacha kazi. Zenye risasi na zisizo nayo usizichanganye kwenye kazi moja, maana haziyeyuki wala kunywea sawasawa.

Hapa nisimame kwenye vumbi, kwa sababu ndilo ninaloliona watu wakilipuuza kuliko yote, na mimi nililipuuza. Ule unga ni kioo. Ukiupeperusha kwa chekeche juu ya metali, chembe ndogo kuliko unazoziona zinaelea, unazivuta, na mapafu hayana namna ya kuziyeyusha. Vumbi la silika likirundikana mapafuni huleta ugonjwa ambao haurudi nyuma. Wiki za kwanza nilifanya kazi bila kinga, kwenye meza ileile ninayolia chakula, na nikimaliza nafagia kwa ufagio mkavu. Sasa navaa barakoa ya vumbi yenye alama ya N95 au FFP2, ile inayobana uso, si ya kitambaa. Nachekecha juu ya karatasi safi ili unga ulioanguka pembeni niukusanye, na meza naifuta kwa kitambaa chenye maji. Ufagio haugusi pale. Ukiwa na mtoto mdogo nyumbani au mtu mjamzito, kazi ihamie chumba kingine kabisa.

Baada ya hapo nikafikia hatua ambayo nilidhani ni ya kupita tu: kusafisha metali. Nilikuwa naipangusa na fulana, naendelea. Matokeo yake ni kwamba kwenye kila kipande palikuwa na alama ya kidole, imekaa kama mhuri, mahali ambapo kioo kilikataa kushika. Mafuta ya ngozi hayaonekani, lakini kioo kilichoyeyuka kinayakimbia. Siku hizi nasugua kwa unga wa jiwe la povu na mswaki wa zamani, nasuuza, kisha natazama maji. Yakijikusanya matone matone, bado pana mafuta, narudia. Yakitandaa kama utando mmoja juu ya shaba nzima, hapo pako tayari, na tangu dakika hiyo nakishika kwa kingo tu.

Kwa ule ukoko mweusi unaotokea shaba ikipigwa moto, nilitumia siki iliyotiwa chumvi, inafaa ingawa ni ya polepole. Baadaye nikahamia asidi ya sitriki iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto. Jambo ambalo hakuna aliyenionya: usiingize koleo la chuma humo. Maji yale yana shaba iliyoyeyuka ndani, chuma kikiingia shaba inahama na kuvaa kila kitu kilichomo. Kipande changu cha kwanza cha fedha kilitoka cha waridi. Tumia koleo la shaba, plastiki au mti.

Nilianza kuchoma kwa tochi ya gesi, si tanuru, na mtu akiniuliza leo bado ningemwambia aanze hivyo. Tochi ndogo inatosha vipande vya upana wa sentimita 2 au 3, na uzuri wake ni kwamba unaona kila kinachotokea. Nilichokosea ni kuelekeza moto kwa juu, kwa mantiki kwamba kinachotakiwa kuyeyuka kiko juu. Nyeupe yangu ikatoka na mawingu ya kijivu na vidoa vya masizi. Moto unatakiwa utoke chini. Weka kipande kwenye wavu wa chuma kisichoshika kutu, juu ya kigoda cha miguu mitatu, na uipashe metali kwa chini, nayo ndiyo iyeyushe kioo.

Kisha tazama. Kwanza unga unajiviringa kuwa punje punje kama sukari. Halafu punje zinalegea na kuungana, uso unakuwa na mabonde madogo kama ganda la chungwa. Mwisho unalala wote, unang'aa kama maji yaliyotulia, na hapo unaondoa moto. Kwa miezi miwili nilikuwa naishia kwenye ganda la chungwa kwa woga, nikidhani nikiongeza sekunde tano nitaharibu. Kumbe kioo kisicholala vizuri hakijashika vizuri. Baadaye, nilipopata ujasiri, nikaharibu kwa upande wa pili, rangi ikatiririka na kukimbia kingo, shaba nyeusi ikachungulia. Kuna faida ya kuharibu kimoja kwa makusudi, ukiache motoni mpaka kipite, ujue mwisho uko wapi.

Na kikishatoka, kiache. Kazi ndogo ikiwa nyekundu kwa joto inavutia kuiwahisha. Nimewahi kuisogeza mbele ya feni, ikapasuka mbele ya macho yangu na kipande cha kioo kikaruka hadi upande wa pili wa chumba. Tangu hapo miwani haivuliwi mpaka kitu kiwe kimepoa.

Ilikuwa katika hali hiyo, nikiwa najua nusu ya mambo, ndipo nikatengeneza zile hereni za dada. Mbele zilikuwa nzuri. Nasema kweli, bado nadhani bluu ile ni kati ya nzuri nilizowahi kutoa. Baada ya ile nusu kuanguka nilizipeleka kwa sonara mmoja mzee. Nilijiandaa kumweleza moto, rangi, dakika. Hakuniuliza hata kimoja. Alizipokea, akazigeuza, akaangalia shaba tupu nyuma.

"Huku hukuweka kitu, mwanangu."

"Huko hapaonekani, mzee."

"Ndiyo maana zimebanduka," akasema, akanirudishia, akaendelea na kazi yake.

Nilikwenda kuitafuta sababu mwenyewe, na nikaielewa kwa hesabu. Shaba ikipata joto inatanuka, ikipoa inanywea, na inafanya hivyo zaidi kuliko kioo kilicholala juu yake. Kipande cha sentimita 3 kikishuka kutoka nyuzi 800 mpaka joto la chumbani, shaba yake inapungua takribani milimita 0.4. Kioo nacho kinapungua, ila kidogo zaidi, na kwa wakati huo kimeshakuwa kigumu, hakina pa kuteleza. Basi vinavutana. Kipande kinajipinda taratibu, na nguvu ile inabaki imefungwa humo, siku, wiki, mpaka mtu acheke akigeuza kichwa. Dawa yake ni kuweka enameli na nyuma pia, kwa unene unaokaribiana na wa mbele, ili mvutano uwe sawa pande zote mbili. Mafundi wa Limoges kule Ufaransa, waliokuwa wakichora picha za enameli juu ya mabamba ya shaba katika karne ya 16, walizipaka nyuma pia, mahali ambapo hapakuwa na mtazamaji. Kukipa kipande mbonyeo kidogo, kama kifuniko, nako kunasaidia, maana metali bapa ndiyo inayojipinda kirahisi.

Nilijisikia mjinga. Kitu hiki kimeandikwa kila mahali. Nilikisoma hata mimi, nakumbuka nilikisoma, nikakiruka kwa sababu nilikuwa na haraka ya rangi.

Baada ya hapo niliacha kwa wiki sita. Sikuwa na hasira, nilichoka tu. Kati ya vipande 20 vya mwanzo, sita ndivyo vilivyosalia vizima, na hivyo sita vyote vilikuwa na nyuma tupu, kwa hiyo nilijua ni suala la muda. Kilichonirudisha ni kitu kidogo: nilikuwa na mtungi ambamo nilimwaga mabaki yote ya unga, ule ulioanguka kwenye karatasi, rangi zote pamoja, na nilikuwa naufikiria kuutupa. Kumbe huo ndio unaofaa nyuma. Wachoma enameli wengi wanautunza kwa kazi hiyohiyo. Hasara yangu yote ya miezi mitano ilikuwa imekusanyika kwenye mtungi mmoja na ilikuwa na matumizi. Nikakaa tena mezani.

Safari hii nilianza kwa jambo la kuchosha. Nilikata vibapa vidogo vya shaba, kila rangi nikaijaribu mara tatu: juu ya shaba tupu, juu ya enameli isiyo na rangi, na juu ya nyeupe. Unga mkavu huonekana umepauka kuliko rangi yake ya kweli, na rangi angavu, yaani ile inayopitisha mwanga kama kioo cha dirisha, inabadilika kabisa kutegemea iko juu ya nini. Bluu yangu ya kujivunia, ikiwekwa moja kwa moja juu ya shaba, ilikuwa karibu nyeusi. Juu ya nyeupe ikawa kama mchana. Ile isiyo na rangi nayo ina vituko, ikichomwa kwa joto dogo inabaki na ukungu mwekundu, ikipata moto wa kutosha inafunguka na shaba inaonekana kwa chini kama asali. Nyekundu na machungwa nilizipoteza mara nyingi kabla ya kujua tabia yao. Nyingi zake zina kadimiamu na seleniamu, hazivumilii kukaa motoni, zinaanza kuwa hudhurungi kingoni kisha zinakuwa nyeusi. Kwa hiyo kwenye kazi yenye rangi nyingi nyekundu huja mwisho, kwenye uchomaji wa mwisho, kwa muda mfupi. Vibapa vile nimevitundika ukutani, na ndivyo chombo changu cha thamani kuliko chochote nilichonunua.

Rangi angavu zilikuwa zinatoka na ukungu, na nikailaumu kampuni iliyozitengeneza bure. Zinahitaji kuoshwa. Unaweka unga kwenye kikombe, unatia maji, unakoroga, unangoja sekunde chache chembe nzito zikae, unamwaga yale maji ya maziwa. Unarudia mpaka maji yawe safi kabisa, na suuza ya mwisho iwe kwa maji yaliyokenekwa. Kinachoondoka ni chembe laini mno, ndizo zinazoleta ukungu. Maji yale usiyamwage kwenye bomba la sinki. Yaache kwenye ndoo, yatulie, tope la chini likaushe, liende kwenye mtungi wa nyuma. Nimeshasema mtungi ule ni mlafi.

Tanuru la umeme nililinunua mwaka wa pili, dogo, la kuweka mezani. Ni ununuzi mkubwa kuliko wote, na nashukuru sikuanza nalo, maana ningekuwa nimeharibu vitu bila kuona vinavyoharibika. Linaniwezesha kurudia jambo: nyuzi 800, dakika moja na nusu hadi mbili kwa kipande kidogo, kikubwa kidogo kinataka hata tatu. Ukifungua mlango joto linashuka sana, kwa hiyo mimi nahesabu tangu kipimo kinapoanza kupanda tena, na hata hivyo nachungulia. Miwani yenye kinga ya miale ya joto ni lazima kama unachungulia mara nyingi, macho hayaumi siku hiyo lakini yanaweka deni. Glavu ndefu, uma mrefu, tofali la kuzuia moto pembeni pa kuwekea. Na kabla ya kulichomeka, ulizia nyaya za nyumba kama zinahimili. Langu lilizima taa mara mbili ndipo nikamwita fundi umeme.

Kipindi fulani kazi zangu nyeupe zilikuwa zinatoka na vidoa vyeusi vidogo kama nzi wamepita. Nilibadilisha rangi, nikaosha upya, vikabaki. Vilikuwa vinatoka kwenye wavu na viegemeo: ukoko wa shaba uliokaa hapo unapasuka ukipoa na kuruka, unatua kwenye kazi inayofuata. Sasa kila baada ya uchomaji wavu nausugua, na nyeupe haikai motoni pamoja na kipande chenye shaba iliyo wazi.

Hapo nikajiona tayari kwa kloisone. Ni ule mtindo wa kuchora kwa waya bapa nyembamba zilizosimamishwa, kisha vijumba kati ya waya vinajazwa rangi. Wachina wanaiita jingtailan, yaani bluu ya Jingtai, kwa jina la enzi ya mfalme wa nasaba ya Ming aliyetawala kuanzia 1449 hadi 1457, na kwa mtu aliyeanza kwa bluu kama mimi jina hilo lilikuwa kama kuitwa.

Nilinunua waya za fedha safi, nikakaa siku mbili nikikunja tawi lenye majani saba kwa kibano. Kidani cha shaba, upana wa sentimita 3. Nikaweka tabaka moja jembamba la enameli isiyo na rangi, nikasimamisha waya, nikachoma. Nilipofungua mlango, tawi lilikuwa limezama. Majani mawili yalikuwa yametoweka. Hayakuanguka, yaliyeyuka, yakaacha kidimbwi cha kijivu kinachong'aa juu ya shaba.

Hili ndilo kosa lililoniuma akili kuliko mfuko, kwa sababu nilikuwa nimepiga hesabu. Fedha huyeyuka kwa nyuzi 962. Shaba kwa 1,085. Tanuru lilikuwa 820. Nafasi ilikuwepo tele. Nisichojua ni kwamba namba hizo ni za kila metali ikiwa peke yake. Fedha na shaba zikigusana kwenye joto, mpakani hutokea mchanganyiko unaoyeyuka kwa nyuzi 780 hivi, chini kuliko yoyote kati ya hizo mbili. Tabaka langu la chini lilikuwa jembamba na moto ulikuwa mwingi, waya zikazama zikafika shaba, na zilipofika tu zikaondoka. Ukitumia waya za fedha juu ya shaba, tabaka la chini liwe la enameli ngumu, ile inayotaka joto kubwa zaidi kuyeyuka, liwe nene vya kutosha, na uchomaji wa kushikisha waya uwe mfupi, zishike tu. Au fanya kama ninavyofanya sasa kwa kazi ninayoipenda: waya za fedha juu ya bamba la fedha safi, hapo hawana ugomvi.

Kujaza vijumba nilikujua kwa subira niliyokuwa nimeipata kwa fimbo. Unga wenye maji unachukuliwa kwa ncha ya brashi, tabaka jembamba, unafyonzwa maji kwa pembe ya kitambaa safi. Kisha unakausha kabisa, juu ya tanuru au chini ya taa. Nimewahi kuharakisha, maji yaliyobaki yakageuka mvuke ndani ya tanuru, rangi ikarushwa nje ya vijumba kama mtu amepiga chafya. Baada ya tabaka nne, tano, hata sita, uso unasawazishwa kwa jiwe la kusagia au pedi za almasi, chini ya maji daima, mpaka waya zote zitokeze. Hapo vishimo vilivyokuwa mapovu vinafunguka, unavijaza, unachoma tena, unasaga tena. Kidani changu cha kwanza kilichofanikiwa kilinichukua saa 14, na hizo ni saa za mikono tu, bila kuhesabu za kungoja.

Kama unafikiria kuuza, hesabu saa hizo, na hesabu pia vilivyokufa. Kwa mwaka mzima bei yangu ilikuwa ya shaba, rangi na umeme wa kipande kimoja kilichosimama, kana kwamba vile vingine vitatu vilivyoharibika vilijilipia. Nilikuwa nawalipa wateja wanichukulie vitu.

Jambo moja la kifundi ambalo halina mahali pake pazuri, naliweka hapa: tundu la kuning'inizia litobolewe kabla ya enameli, na kabla ya kila uchomaji pitisha sindano kuondoa unga uliojaa humo. Kutoboa baadaye ni kupasua. Kikulabu cha sikio nacho usikilehemu kwanza kwa lehemu ya kawaida ukaingiza motoni, zinki iliyomo inatoa mvuke na kuharibu rangi iliyo juu yake, na lehemu yenyewe inaweza kuachia kwenye joto lile. Mimi naning'iniza kwa pete ndogo kupitia tundu, au natengeneza kifremu cha fedha pembeni na kukunja kingo zake juu ya kazi iliyokwisha poa.

Dada nilimtengenezea jozi nyingine. Bluu ileile, safari hii juu ya nyeupe, na nyuma nikatia unga wa ule mtungi. Ulitoka rangi nisiyoweza kuipanga hata nikitaka: kijani kibichi cha kijivu, chenye nukta za manjano na nyekundu moja moja, kama mayai ya ndege. Nilimpa bila kusema lolote kuhusu Kiyama. Akazipokea, akazitazama, akazigeuza. Huu ni mwaka wa tatu anazivaa, na bluu yangu inaangalia shingo yake. Nyuma ndiyo anaiweka mbele.